Mpiga kinanda, vifaa vya mtumba na sayari ya saba

Leo naweka pembeni siasa na mpira. Nataka tumzungumzie jamaa mmoja aliyefariki zamani sana, mwaka 1822, lakini kila nikisoma habari zake naona kama ni mtu wa mtaani kwetu. Kijana kakimbia vita, kaingia nchi ya watu hana kitu mfukoni, kapiga muziki ili ale, halafu akikaribia miaka 35 kanunua vifaa vya mtumba vya kutengenezea darubini. Haijapita hata miaka 8, kagundua sayari! Anaitwa William Herschel. Wengi wetu shuleni tulipewa mstari mmoja tu: Uranus iligunduliwa na Herschel mwaka 1781, nukta, fungua ukurasa unaofuata. Huo mstari mmoja ndio nataka kuufungua.

Jina lake la kuzaliwa ni Friedrich Wilhelm. Alizaliwa Hannover, Ujerumani, tarehe 15 Novemba 1738. Baba yake, Isaac, alikuwa mpiga obo kwenye bendi ya jeshi. Obo ni ndugu yake zumari, kwa wale wa Pwani mtanielewa haraka. Nyumbani walizaliwa watoto 10, waliokua wakafika utu uzima ni 6. Ilikuwa familia ya muziki mtupu, lakini mzee Isaac alikuwa na ugonjwa mwingine pia, alipenda nyota. Aliwahi kumtoa nje binti yake mdogo Caroline, usiku wa baridi kali, akamwonyesha makundi ya nyota, na kabla ya hapo walikuwa wameangalia nyota yenye mkia. Mshikeni vizuri huyo Caroline, tutarudi kwake, maana bila yeye stori hii ni nusu.

William akaingia bendi ya jeshi akiwa na miaka 14. Kupiga muziki jeshini kunaonekana dili zuri mpaka vita ianze. Na ikaanza kweli. Julai 1757 Wafaransa wakalipiga jeshi la upande wao pale Hastenbeck, na wanamuziki huko vitani hawana kazi wala mtu wa kuwaangalia, unalala mtaroni kwenye matope tu. Baba akaona kijana wake mwembamba atafia bure, akamwambia aondoke. Mwisho wa mwaka huo William na kaka yake Jacob wakavuka kwenda Uingereza. Enzi hizo Hannover na Uingereza zilikuwa chini ya mfalme mmoja, kwa hiyo si kwamba alikimbilia kwa adui. Kuna watu wanapenda kusimulia kwamba alikuwa mtoro wa jeshi na kwamba miaka mingi baadaye mfalme mwenyewe alimkabidhi hati ya msamaha. Stori tamu, lakini haisimami. Karatasi yake ya kuachiwa ilitoka mwaka 1762, na hata kuapishwa rasmi kuwa askari hakuwa ameapishwa.

London akaanzia chini kabisa, akawa ananakili noti za muziki za watu kwa mkono ili apate hela ya kula. Halafu akapanda kaskazini, akafundisha bendi ya wanamgambo wa Durham, akahangaika Leeds, akapata kazi ya kupiga kinanda kanisani Halifax. Mwaka 1766 akapata shavu la maana, kinanda cha kanisa jipya la Octagon mjini Bath. Bath ni mji wa chemchemi za maji moto, matajiri wa Uingereza walikuwa wanakwenda kuoga, kucheza karata na kusikiliza muziki. Kwa mwanamuziki, hapo ndipo penye ulaji. Akawa anapiga, anaongoza kwaya, anafundisha watoto wa wakubwa, na alishatunga simfoni 24. Mwaka 1771 kipato chake kilikuwa karibu pauni 400. Hiyo ilikuwa hela ya kutulia na kuishi kama bwana. Angeweza kuishia hapo na leo tusingemjua, labda wale wanaosoma historia ya muziki tu.

Sasa Caroline. Alikuwa mdogo wake kwa miaka 11. Utotoni alipata ndui ikamwachia alama, halafu akiwa na miaka 10 hivi akaugua homa ya chawa, taifasi, akaacha kukua. Alibaki na urefu wa sentimeta 130 tu. Nyumbani Hannover wakaona huyu hataolewa, basi awe wa kufua, kusuka soksi na kupika. Mama yake hakutaka hata asome sana. Yaani msichana wa kazi, tofauti ni kwamba halipwi. Agosti 1772 William akaenda kumchukua ili amfundishe kuimba Bath, na ili mama akubali ilibidi kaka atoe pesa ya kila mwaka mama aweke msichana mwingine. Soma hapo tena. Ilibidi amnunue dada yake kutoka jikoni kwa mama yao wenyewe.

Basi Caroline akafika Bath, akaanza kujifunza kuimba, na hesabu za nyumba, na Kiingereza. Lakini kaka mtu alikuwa ameshaanza kuchanganyikiwa na kitu kingine. Alikuwa na vitabu vya Robert Smith, msomi wa Cambridge, kimoja cha hesabu za sauti za muziki na kingine cha mwanga na lenzi. Mei 1773 akanunua kitabu cha elimu ya nyota cha James Ferguson. Usiku analala navyo kitandani na bakuli la maziwa au glasi ya maji pembeni, asubuhi anaamka akiongea darubini.

Kwanza alinunua lenzi akatengeneza darubini za lenzi, zile za bomba refu. Bomba la kadibodi alilitengeneza Caroline. Shida ya darubini za aina hiyo enzi zile ni kwamba ukitaka ikuze sana lazima bomba liwe refu mno, futi 12, futi 15, mpaka futi 30, linapinda katikati kama mkeka uliokunjwa vibaya. Ikashindikana. Septemba 1773 akakodi darubini ndogo ya kioo, ya futi 2 hivi. Hapo akaona raha yake, kwani kioo kilichojipinda kinakusanya mwanga kama lenzi lakini bomba linakuwa fupi. Akaandika London kuuliza bei ya kioo cha darubini ya futi 5 au 6. Jibu likaja kwamba kikubwa hivyo hakipo dukani, yupo mtu anaweza kukitengeneza, lakini kwa bei ambayo jamaa aliona ni wizi.

Hapa ndipo mtumba unapoingia. Bath kulikuwa na Mquaker mmoja, wale wa kanisa la Marafiki ambalo lina waumini wengi Kenya magharibi. Bwana huyo alikuwa amejaribu kung'arisha vioo vya darubini kama kitu cha kujifurahisha, akachoka, akaacha. Akamuuzia Herschel mzigo wote kwa pamoja, kalibu, mawe ya kunolea, vifaa vya kung'arishia, na vioo vilivyoishia nusu. Caroline baadaye alivikumbuka kama takataka tu. Nani asiyemjua mtu wa hivi? Kila mtaa una fundi aliyeacha kazi na ana boksi la vyuma chini ya kitanda. Tofauti ni nani atalinunua boksi lile.

Vioo vya siku hizo havikuwa glasi kama cha kwako cha kunyolea. Vilikuwa chuma, shaba iliyochanganywa na bati. Nikisema bati namaanisha ile madini yenyewe inayowekwa kwenye lehemu, si mabati ya kuezekea. Unayeyusha, unamimina kwenye kalibu, kikipoa kina rangi nyeupe kama fedha, tena ni kigumu lakini kinavunjika kama sahani. Halafu unaanza kukisugua upate umbo la bakuli lenye kina kidogo mno, na mwisho unakipolishi kwa lami ngumu mpaka king'ae. Ukikosea kipimo kidogo kuliko upana wa unywele, nyota zote zinakuwa mafumba. Na hatua ya mwisho huwezi kuiacha katikati, ukisimama kioo kinaharibika. Kuna siku Herschel alisugua saa 16 mfululizo bila kuondoa mikono. Caroline akawa anamlisha, anamtia matonge mdomoni kama mtoto, na anamsomea vitabu asilale. Kimojawapo kilikuwa Alfu Lela Ulela! Fikiria picha hiyo: Mjerumani yuko Uingereza anasugua chuma, dada yake anamsomea hadithi za Sindbad na majini.

Nyumba yote ikageuka gereji. Seremala anatengeneza bomba na stendi sebuleni, mdogo wao Alexander kafunga mashine ya kukerezea chumbani. William akitoka kwenye onyesho la muziki anaingia moja kwa moja kazini na nguo za ukumbini, zile za lesi mikononi, zinachanika na kumwagikiwa lami. Caroline ndiye anashona. Naye alikuwa na ndoto yake ya kuimba, na aliimba vizuri tu, alikuwa anasimama mbele ya watu kama mwimbaji kiongozi. Lakini kila kaka alipozama kwenye vioo, masomo ya dada yalikatika. Mimi hapa huwa nashindwa kumtetea William moja kwa moja. Alimtoa dada yake jikoni kwa mama, halafu akamweka kwenye karakana yake.

Tarehe 1 Machi 1774 akafungua daftari la kuangalia nyota. Darubini aliyotumia aliitengeneza mwenyewe, futi 5 na nusu. Aliangalia nini usiku ule? Zohali, ile sayari yenye pete, na wingu la Jabari. Jabari ni lile kundi lenye nyota tatu za mstari ambalo huku kwetu linaonekana vizuri sana kuanzia mwisho wa mwaka, na chini ya mkanda wake kuna doa lenye ukungu. Watu wengi usiku wao wa kwanza wa darubini wanasema duh, pazuri, wanakwenda kulala. Yeye akafungua kitabu cha Smith, akalinganisha mchoro wa lile wingu na alichokiona, akaona umbo halilingani. Akaandika kwamba pengine vitu vya mbinguni vinabadilika. Usiku wa kwanza kwenye daftari, jamani, na tayari anabishana na kitabu.

(Kwa faida ya wenye darubini za macho mawili, zile za used zinazouzwa na wamachinga: lile doa linaonekana. Mimi nimeliona kwa ya kuazima, tena nimeegemea ukuta ili mikono isitetemeke. Na Mshtarii ukiielekezea unaona vinukta vyake pembeni, ni miezi yake minne.)

Ikapita miaka. Mchana wanafunzi wa muziki, wengine zaidi ya 35 kwa wiki, usiku anga. Inasemekana hata katikati ya onyesho, wakati watu wamepumzika, alikuwa anachomoka kwenda kuchungulia. Desemba 1779 alikuwa ameweka darubini barabarani mbele ya nyumba anaangalia mwezi, kwa sababu nyuma ya nyumba ile hakuwa na nafasi. Akapita daktari mmoja, William Watson, akasimama, akaomba kuchungulia. Watson alikuwa mwanachama wa Royal Society, chama kikubwa cha wanasayansi kule London. Kesho yake akarudi kushukuru, wakawa marafiki, akamwingiza kwenye chama cha wasomi pale Bath. Bila huyo mpita njia sijui nani angemsikiliza mpiga kinanda.

Sasa usiku wenyewe. Jumanne, tarehe 13 Machi 1781, kati ya saa nne na saa tano usiku, nyumba namba 19 mtaa wa New King. Safari hii alikuwa na bustani nyuma. Darubini ni ya futi 7, kioo chake kina upana wa sentimeta 16 hivi. Hakuwa anatafuta sayari, hakuna aliyekuwa anatafuta sayari. Tangu wanadamu waanze kuangalia juu zilijulikana zile tano za macho, na Dunia ya sita, basi, hesabu imefungwa. Yeye alikuwa anapitia nyota moja baada ya nyingine, anatafuta zilizokaa mbilimbili. Akafika mpakani mwa Ng'ombe na Mapacha, wale wale mnaowasoma kwenye kurasa za nyota za magazeti. Akaona nyota moja imenenepa kuliko wenzake.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kinachonifurahisha kuliko vyote. Alikuwa anatumia ukuzaji wa mara 227. Akabadilisha kioo cha jicho, akaweka mara 460. Halafu mara 932. Nyota halisi iko mbali kiasi kwamba hata ukuze vipi haipanuki kwa uwiano huo, inabaki nukta. Hii ikapanuka! Kwa hiyo ina umbo, kwa hiyo iko karibu, si nyota. Tarehe 17 akairudia, ikawa imehama. Akasema ni nyota yenye mkia, ingawa mkia haukuwepo, na hivyo ndivyo alivyoripoti. Taarifa yake ikasomwa Royal Society tarehe 26 Aprili.

Na wala hakuwa wa kwanza kuiona. John Flamsteed wa Greenwich aliiandika mwaka 1690 kama nyota ya kawaida akaipa namba. Mfaransa Pierre Lemonnier aliiona mara kadhaa, zikiwemo siku kadhaa ndani ya Januari 1769 peke yake, ikapita mbele ya macho yake asishtuke. Hao walikuwa na vyeo, vituo na mishahara. Ila darubini zao hazikuonyesha tofauti kati ya nukta na kiduara. Kile kioo cha kusugua nyumbani kilionyesha.

Wataalamu wa hesabu wakakaa chini. Anders Lexell wa chuo cha sayansi cha St Petersburg, ambaye wakati huo alikuwa London, akapiga mahesabu akaona njia ya kitu hiki karibu ni duara kuzunguka jua, mbali kupita Zohali. Nyota zenye mikia haziendi hivyo. Ni sayari. Iko mbali na jua mara 19 kuliko sisi, wakati Zohali iko mara 9 na nusu. Yaani usiku mmoja, kutoka bustani ya nyumba ya kupanga, mfumo wote wa jua uliongezeka upana mara mbili. Herschel alitaka iitwe nyota ya George, kumpa shavu mfalme George wa Tatu. Wafaransa na wengine hawakukubali hiyo kitu. Johann Bode wa Berlin akapendekeza Uranus, na ndilo lililoshika.

Lakini msidhani alishangiliwa tu. Jamaa alikuwa anaandika kwamba darubini yake inakuza mara 2,000, hata mara 6,000, wakati wakubwa wanatumia mia kadhaa. Wapo waliomwona mwongo au kichaa. Mpiga kinanda wa mkoani, hana chuo, anakuja na namba za ajabu, ungemwamini? Mwaka 1782 ikabidi abebe darubini yake mpaka Greenwich, kwa Nevil Maskelyne, bosi wa elimu ya nyota wa Uingereza nzima. Zikawekwa pamoja, ya kwake na za serikali, wakaelekeza kwenye nyota zile zile. Ya kwake ikazipita zote. Nyota pacha alizosema zipo, zikaonekana. Mambo yakaisha hapo. Royal Society walishampa medali ya Copley Novemba 1781, lakini mimi naona Greenwich ndiyo siku aliyopata cheti.

Mfalme akampa kazi ya kuangalia nyota, pauni 200 kwa mwaka. Nusu ya alichokuwa anapata Bath! Watson alinung'unika kwamba mfalme amejipatia heshima kwa bei ya kutupa. Herschel akakubali, akaacha muziki, wakahamia Datchet karibu na Windsor. Nyumba kubwa, mbovu, dari linavuja, majani mpaka kiunoni, na mto Thames jirani ukipanda unafurika. Malaria ilikuwepo Uingereza siku hizo, na jamaa alikuwa anajipaka kitunguu kibichi usoni na mikononi kabla ya kutoka usiku ili asiipate.

Caroline naye akapewa darubini ndogo na kaka yake, Agosti 1782, aambae anga kutafuta nyota zenye mikia. Usiku wake wa kwanza haukuwa wa raha kabisa. Hakuwa ameomba. Uimbaji ndio umekufa hivyo, yuko peke yake kwenye nyasi zenye umande na baridi, hakuna binadamu wa kumwita karibu, kaka yuko upande mwingine na darubini kubwa. Nyota nyingi hakuzijua, ilibidi kila akiona kitu akimbilie kwenye ramani. Ilifika karibu na mwisho wa mwaka ndipo akaanza kuona utamu. Mwaka uliofuata alishapata vitu ambavyo havikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote. Kimoja, alichokiona Septemba 1783, leo kinaitwa NGC 253, ni galaksi nzima. Kule Uingereza iko chini kabisa karibu na upeo, sisi huku inapita karibu na utosi.

Kazi kubwa ilikuwa kumwandikia William. Yeye yuko juu ya ngazi jicho kwenye darubini, anapiga kelele anachokiona, Caroline yuko na saa, taa na daftari, anaandika. Kuna usiku wino uliganda. Tarehe 31 Desemba 1783, theluji chini, anga ikafunguka ghafla kama saa nne usiku, William akaita haraka haraka darubini isogezwe. Caroline akakimbia gizani, akateleza, ndoano ya chuma ya mashine ikamwingia juu ya goti. Walipomnyanyua ilibaki na nyama yake. Alijiuguza mwenyewe, na alichokuja kusema ni kwamba bahati nzuri usiku ule mawingu yalirudi, hivyo kaka yake hakupoteza kitu. Mimi hapo huwa naacha kusoma kwanza.

Tarehe 1 Agosti 1786, William akiwa safarini Ujerumani kupeleka darubini ya zawadi ya mfalme, Caroline akiwa peke yake akapata nyota yenye mkia, ya kwanza kati ya 8. Mwaka 1787 mfalme akaanza kumlipa pauni 50 kwa mwaka kama msaidizi. Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza Uingereza kulipwa mshahara kwa kazi ya sayansi. Ilikuwa pesa yake ya kwanza maishani aliyoweza kuitumia bila kumwomba mtu.

Hela yenyewe ya William haikutosha, kwa hiyo akawa anauza darubini. Alitengeneza vioo zaidi ya 400, na mfalme wa Hispania alinunua darubini ya futi 25 kwa pauni 3,150. Wanajeshi wa Napoleon walikuja kuiharibu Madrid mwaka 1808.

Kuna ile kubwa ya futi 40 aliyoijenga Slough kwa pauni 4,000 za mfalme, ikakamilika mwaka 1789. Kioo chake upana wa mita 1.2. Kabla halijasimamishwa watu walikuwa wanatembea ndani ya bomba, mfalme aliwahi kumwongoza askofu mkuu humo akitania kwamba anamwonyesha njia ya mbinguni. Ilionyesha miezi miwili ya Zohali, lakini kusema kweli ilikuwa mzigo, nzito, kioo kinapoteza mng'ao haraka, na hali ya hewa ya Uingereza mnaijua. Kazi halisi waliifanya na ile ya futi 20. Kwa hiyo waliorodhesha mawingu ya nyota na makundi yake 2,500, wakati orodha maarufu ya Messier ilikuwa na kama 100. Alionyesha kwamba nyota nyingine kweli zinazungukana mbilimbili. Mwaka 1800 akaweka kipimajoto pembeni ya rangi nyekundu ya mwanga uliopasuliwa, mahali ambapo macho hayaoni kitu, joto likapanda zaidi. Ndiyo mionzi ile inayotumika kwenye rimoti ya TV. Huyo huyo aliamini mpaka mwisho kwamba ndani ya jua kuna watu wanaishi, sehemu ya baridi chini ya mawingu ya moto. Ndivyo ilivyo.

Mwaka 1788 alioa mjane mmoja mwenye mali, Mary Pitt. Caroline aliyekuwa mwenye funguo za nyumba miaka 16 akahamia vyumba vya kupanga, akawa anakuja kazini kama mfanyakazi. Daftari zake za miaka iliyofuata alizichoma mwenyewe. Baadaye alipatana na wifi, na mtoto wao, John, alimpenda kama wake. John huyo ndiye aliyekuja Afrika, Cape Town, mwaka 1834 mpaka 1838, na darubini ya futi 20, kumalizia anga la kusini ambalo baba na shangazi hawakuweza kuliona.

William alifariki Slough tarehe 25 Agosti 1822, akiwa na miaka 83. Caroline akarudi Hannover, akapanga upya ile orodha yote ili John aitumie, wakampa medali ya dhahabu mwaka 1828. Aliishi mpaka 1848, miaka 97. Bomba la futi 40 lilishushwa mwaka 1839, miaka mingi baadaye mti ukaliangukia, kipande kilichobaki kipo Greenwich. Nyumba namba 19 ni makumbusho.

Uranus yenyewe inazunguka jua kwa miaka 84. Mwaka 2025 ilikuwa jirani na Kilimia, na karibu mwaka 2033 itakuwa pale pale mpakani mwa Ng'ombe na Mapacha ilipokutwa. Kwenye giza la kijijini mwenye macho mazuri anaweza kuiona hata bila darubini, ila lazima ajue mahali pake. Kwa darubini ya macho mawili ni nukta yenye kaubichi kidogo.

Nawasilisha.